Herufi za Kichina Tulizochora Lanham

Vijana wangu wa kazini, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, nami nikaahidi kuwaandikia jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Keki imeliwa, saa inakwenda mbele kidogo, ahadi ndiyo iliyobaki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukaa nayo nikiwa nimevua viatu. Mnaoisoma mtawatafsiria wasioisoma, na najua mtafupisha. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havikunifundisha kitu. Nitakaa zaidi kwa mtu mmoja, Mzee Hsu, aliyenifundisha kazi yenyewe, na kwa yale yaliyompata.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kuchora ramani nilijifunza Morogoro, katika ofisi ya upimaji, enzi za kalamu ya wino na karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Kazi yangu ilikuwa kufuata mistari ya miinuko, mlima baada ya mlima, bila mkono kutetemeka. Mume wangu alipopata kazi ya udereva katika ubalozi mmoja Washington, nilimfuata na watoto, na ujuzi wangu nikaufungia sandukuni pamoja na khanga. Kwa muda nilifanya kazi niliyoipata, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Laurel, Maryland. Niliosha watu, nikawalisha, nikajifunza kusoma uso wa mtu asiyeweza kusema. Moyo wangu haukuichukia kazi ile. Mgongo ndio ulioichukia.

Ghorofa ya juu yetu aliishi Mkenya mmoja, Wanjohi, mtoto wa Nyeri, mwandishi wa programu za kompyuta. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, alinikuta kwenye ngazi nimebeba mifuko, akaipokea, kisha akasema, "Auntie, wewe si ulikuwa unachora maps huko kwenu?"

"Nilikuwa. Kwa nini?"

"Kuja job yetu Lanham. Wako na machines, wako na pesa, hawana mtu wa mkono. Mimi mkono yangu ni ya kubonyeza tu."

Ofisi ilikuwa nyuma ya gereji ya ekzosi, karibu kabisa na barabara kuu ya mzunguko, kiasi kwamba lori zito likipita chai ilicheza kikombeni. Bosi, Bwana Kessler, alikuwa mrefu mwenye tai fupi. Hakuniuliza vyeti. Alinipa karatasi yenye milima, akaniambia nifuate mstari mmoja hadi mwisho. Nilipomaliza aliukagua kwa kioo cha kukuzia, akauliza lini naweza kuanza. Nilimwambia Jumatatu, ingawa ningeweza kuanza dakika ile ile.

Sasa niwaeleze kazi. Ninyi mnafungua kompyuta na maandishi ya dunia nzima yamo ndani, mnayaita kama mtu anayewasha taa. Kwetu haikuwa hivyo. Mteja wetu alitaka ramani za Asia ya Mashariki zenye majina ya mahali kwa herufi za Kichina, na ramani zile zilichorwa na plota, mashine yenye kalamu inayotembea juu ya karatasi. Kalamu haielewi picha. Inataka kuambiwa njia: anza hapa, nenda pale, pinda, simama, inuka. Herufi iliyohifadhiwa kama njia ndiyo tuliyoiita herufi ya vekta. Kampuni ilikuwa imerithi seti moja ya zamani, iliyotengenezwa na wahandisi wakati kompyuta zilikuwa kubwa kama jiko la shule. Nyingi zilikosekana, na zilizokuwepo zilionekana kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Ilibidi zitengenezwe upya, na hapo ndipo alipoingia Mzee Hsu.

Alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka kule Taipei. Mke wake alipofariki, alihamia Columbia, mji mwingine wa Maryland, kwa binti yake wa pekee, Grace, ambaye alikuwa mfamasia. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alivaa koti hata mwezi wa saba kwa sababu Bwana Kessler alipenda baridi ya mashine. Neno mzee alipewa na Wanjohi. Alipoelezwa maana yake aliinamisha kichwa taratibu kama mtu aliyelipwa deni la zamani, na kuanzia siku ile ukimwita Mister haitiki. Naye mimi aliniita Auntie kwa kumsikia Wanjohi, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja cha kwake. Hapa naweka Kiswahili.

Siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kuchorea nikitaka kuonyesha ninachokijua. Mzee Hsu akaniondoa pale na kunikalisha kwenye meza yake, akanipa penseli na karatasi ya miraba. "Andika kwanza," alisema.

"Siijui lugha hii."

"Sikukuuliza kama unaijua. Andika."

Aliniona nimevaa mtandio, na sijui nani alimfundisha, lakini hakuushika mkono wangu hata mara moja. Aliishika penseli kwa ncha yake ya juu, juu ya vidole vyangu, akaiongoza kutoka huko. Kushoto kwenda kulia. Juu kwenda chini. Mstari huu kabla ya ule. Nikiukosea mpangilio alitikisa kichwa na kugeuza karatasi, hata kama herufi ilikuwa imetoka nzuri. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huanza kuvaa soksi kabla ya viatu. "Kwa sababu ndivyo inavyoandikwa," alisema, na hilo ndilo jibu lote nililowahi kupata kwake juu ya jambo hilo. Wiki nzima ilipita hivyo. Bwana Kessler alipita nyuma yetu mara kwa mara akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Baada ya hapo kazi ikashika njia yake. Mzee Hsu aliandika herufi moja kubwa kwenye karatasi, kisha kwa penseli nyekundu akaweka namba mwanzoni mwa kila mstari, kuonyesha upi unatangulia. Mimi niliibandika karatasi juu ya meza ya kuchorea, iliyounganishwa na kompyuta. Mkononi nilikuwa na kidude kama kipanya cha kompyuta, chenye dirisha dogo la kioo na msalaba mwembamba ndani yake. Unaweka msalaba mwanzoni mwa mstari, unabonyeza. Kwenye kila pindo, unabonyeza. Mwishoni unabonyeza kitufe kingine kuiambia kalamu iinuke. Mistari michache, herufi moja. Kisha nyingine. Pindo likipewa nukta nyingi mno, kalamu inasitasita na wino unavimba. Nukta zikipungua, pindo linakuwa kiwiko. Hili hata leo ni kweli, ingawa mashine zenu zinawaficha.

Mambo mengine tulijifunza kwa kuumia. Karatasi huvuta unyevu. Kiangazi cha Maryland kikiingia, karatasi iliyobandikwa asubuhi inakuwa imetanuka saa za mchana, na pembe zake hazikubaliani tena na meza, kwa hiyo pembe zilipimwa upya baada ya kila chakula. Kiwiko hakiwekwi mezani. Kalamu ya plota isiyofunikwa hukauka wakati unapiga stori, na nimeona ramani nzima ya pwani ikitoka bila bahari kwa sababu ya stori. Herufi zenye mistari mingi zilikuwa msiba wa peke yake. Zikipunguzwa ziingie kwenye ramani, wino ulizijaza zikawa madoa. Mzee Hsu alikaa nazo muda mrefu, akifupisha mstari huu unywele mmoja, akisogeza ule, mpaka mwanga ukapita katikati. Sikujua herufi ile inasema nini, lakini nilijifunza kujua ilipoanza kupumua.

Kwa namna hiyo nikawa mtu anayeweza kuandika maelfu ya maneno asiyoweza kuyasoma. Watoto wangu walicheka sana. Wao walikuwa kinyume changu: Kiswahili walikielewa chote, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Nilipomsimulia Mzee Hsu, aliniambia Grace naye ni hivyo hivyo. Alilelewa na shangazi yake huku Marekani tangu mdogo, na Mzee kila alipokuja kumtembelea alimpeleka shule ya Kichina Jumamosi, mpaka siku moja mtoto akagoma kushuka kwenye gari. "Kuandika hakujui kabisa," alisema. Ndiyo mara pekee nilimsikia analalamika juu ya binti yake.

Kisha likaja jambo la Wanjohi. Mteja alilalamika kuwa plota inachukua muda mrefu. Na ni kweli, maana kalamu ilikuwa inaruka hewani kutoka mwisho wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mwingine, na kuruka huko ni muda unaopotea. Wanjohi akaandika programu ya kuipangia kalamu njia fupi. Kama mstari wa pili unaanzia mbali, programu inaanza na wa tatu. Kama mwisho wa mstari uko karibu kuliko mwanzo wake, inauchora kwa kurudi nyuma. Alituita wote tuje kuona.

"Auntie, cheki vile inaenda. Kitambo sheet ilikuwa inamaliza mtu akishaenda lunch na kurudi. Saa hii hata chai haijapoa. Nime-sort kila kitu."

Kalamu ilikimbia kweli. Bwana Kessler alitabasamu, jambo ambalo hakuwa analifanya ovyo. Mzee Hsu alisogea karibu, mikono nyuma, akainama. Kalamu ilikuwa inaandika herufi ya shamba, ambayo ni uzio wa pande nne na msalaba ndani. Mkono wa mtu huanza na uzio, unaacha upande wa chini wazi, unaingia ndani na kuweka msalaba, ndipo unafunga. Kalamu ya Wanjohi ilizunguka uzio wote ikaufunga, kisha ikarukia ndani. Halafu ikaenda kwenye herufi nyingine na kuipanda kutoka miguuni kwenda kichwani.

Mzee Hsu alivaa kofia yake akaenda nyumbani. Ilikuwa asubuhi bado.

Alikaa huko siku kadhaa. Aliporudi, Bwana Kessler alikuwa amejiandaa. Alichukua karatasi mbili za plastiki, moja iliyochorwa kwa mpangilio wa Mzee, nyingine kwa njia fupi, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye meza yenye taa chini yake. Hazikutofautiana hata kidogo. "Nionyeshe tofauti, nami nitaifuta programu leo," alisema Bwana Kessler, na naamini alimaanisha.

Mzee Hsu aliangalia kwa makini, pembe hadi pembe. "Hakuna tofauti," alisema. Alivua koti, akaketi, akachukua penseli nyekundu, akaanza kuweka namba kwenye herufi mpya kama kawaida yake.

Wanjohi alinifuata jikoni. Alikuwa mpole kwa sababu hakupenda kumuumiza mzee. "Auntie, mnajisumbua bure wewe na yeye. Hizo numbers unabonyeza, program yangu inakuja inazipangua. Ile order yenyewe hatu-save hata."

"Nitabonyeza kama alivyoandika," nilimwambia. "Wewe ukishapangua ni juu yako."

Sikuwa na hoja. Nilimpenda tu yule mzee, na nilijua kuna kitu anachokilinda, ingawa mimi na yeye wote hatukuweza kumweleza Bwana Kessler ni kitu gani. Tukaendelea hivyo, yeye akinipangia, mimi nikimfuata, mashine ikituvuruga kabla ya chakula cha mchana.

Majira ya baridi yalipoanza, asubuhi moja Mzee Hsu hakufika. Mtu yule alikuwa anafika kabla ya taa kuwashwa. Grace alipiga simu karibu na adhuhuri. Alimkuta baba yake kwenye sakafu ya jikoni, amepigwa na kiharusi. Alilazwa hospitali, kisha wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kumbe ni Laurel, barabara moja na ile niliyofanyia kazi mimi.

Nilikwenda kumwona Alhamisi moja ya mapumziko. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono wake ule umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Maneno yalikuwa yameondoka, ya Kiingereza na ya Kichina pia. Nilimsalimia, nikajitambulisha. Macho yake yalipita usoni kwangu yakaenda dirishani. Nisiwadanganye: nami nilitilia shaka kama bado yumo.

Grace alinisindikiza ukumbini akanieleza. Daktari alimwambia baba yake afunge macho, hakufunga. Akamwambia ainue mkono ule mzima, hakuinua. Walileta mtu wa kumsemesha Kichina, ikawa vile vile. Jumatatu inayokuja kungekuwa na kikao. Kama mzee haelewi, hakuna faida kuendelea kumfanyisha mazoezi. Watamhamishia upande wa pili, kule kwenye mlango unaofunguliwa kwa namba, kwa wale wasiojua tena walipo.

"Wananiuliza mimi," alisema Grace. "Wanataka nikubali. Nikisema yumo, wananiuliza umejuaje, nami sina jibu. Hata lugha yake mwenyewe siwezi kumsemesha vizuri."

Niliufahamu mlango wa aina ile; hata kwetu ulikuwepo. Nimewahi kuwapitisha watu pale nikisukuma kiti cha magurudumu, na sikumbuki niliyemrudisha. Nilimkumbatia Grace, nikaenda kukaa garini, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma, na sikujua hasira ile nimkasirikie nani.

Ijumaa nilimsimulia Wanjohi. Kampuni ilikuwa imenunua plota mpya ya kunyunyiza wino, na ile ndogo ya kalamu, ya mezani, ilikuwa imewekwa karibu na mlango ikisubiri kutupwa. Wanjohi aliiangalia, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Si tumpelekee hii? Hawezi ongea, sawa. Lakini at least aone kitu anajua. Ziko herufi zake ndani, auntie. Mkono yake yote iko humo."

Jumamosi mchana tuliibeba kwenye gari lake. Mapokezi walituuliza kama ni kifaa cha hospitali, Wanjohi akasema ni printa ya mzee, na sidhani alidanganya sana. Zamu ile muuguzi alikuwa Njeri, Mkenya, mwanamke mchapakazi mwenye macho ya kuchoka. Alituruhusu kwa sharti tusizibe njia ya kitanda. Tuliiweka plota juu ya meza ya chakula yenye magurudumu, Wanjohi akaunganisha laptopu, Grace akamwinua baba yake kwa mito ili aone. Tukabandika karatasi. Kalamu ikashuka na kuanza sauti yake ile ya kukwaruza ninayoijua kama sauti ya jiko langu.

Mzee Hsu alikuwa anatazama dirisha.

Wanjohi alikuwa amechagua majina ya mahali. Miongoni mwake kulikuwa na herufi ya mto, rahisi kuliko zote, mistari mitatu iliyosimama sambamba. Kalamu ilishuka na mstari wa kushoto. Ilipofika chini haikuinuka kurudi juu. Ilisogea pembeni ikaupanda wa katikati kutoka chini kwenda juu, kisha ikashuka na wa kulia. Nikaigeukia laptopu.

"Wanjohi. Umeleta lile faili lililopanguliwa?"

"Ndilo liko, auntie. Nilikuambia ile order ingine hatukuwahi save."

Niliona aibu. Tumekuja kwa mgonjwa na kitu kile kile kilichomfanya avae kofia akaondoka. Nilitaka kuizima, lakini kalamu ilikuwa imeshaenda kwenye jina la pili, lenye mto tena. Shuka, panda, shuka.

Mzee Hsu aligeuza kichwa.

Aliitazama kalamu. Ikaenda jina la tatu, naye akaifuata kwa macho. Kooni mwake ilitoka sauti, si neno, sauti nzito ya mtu anayezuiwa. Mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya shuka ukaipiga meza hata bilauri ikaanguka.

"Dad, it's okay, it's okay," Grace alisema akijaribu kuushika. Yeye akauchomoa na kupiga tena.

Njeri aliingia mbio. "Ameanza ku-agitate. Hiyo mashine itoke, tafadhali. Nikiandika hivi kwa ripoti ya Jumatatu, mnajua itasomwa aje."

Nilimwelewa. Nimevaa viatu vile. "Dada Njeri," nilimwambia, "nimefanya kazi yako. Nipe dakika moja tu. Huyu hajachanganyikiwa. Amekasirika."

"Tofauti ni gani?"

Mzee Hsu alikuwa ameikamata kalamu ikiwa katikati ya mwendo. Mashine ililia, Wanjohi akachomoa waya ukutani. Kwa vidole vya mkono ambao haukuwahi kuandika maisha yake yote, mzee aliing'oa kalamu kwenye kishikizo chake, akaiweka juu ya karatasi, kando ya mto wa Wanjohi. Akavuta mstari wa kushoto, juu kwenda chini. Akainua. Akarudi juu, akavuta wa katikati, juu kwenda chini. Akainua, akarudi juu tena, akavuta wa kulia. Ilikuwa mistari iliyopinda vibaya, mibaya kuliko yangu ya wiki ya kwanza. Kisha akaigonga mashine kwa nyuma ya kalamu, akanitazama mimi, machoni kabisa, akatikisa kichwa.

"Anasema nini?" Grace aliuliza.

"Anasema tumekosea," nilimwambia. "Tumeanza vibaya. Alikuwa ananirudisha hivi hivi kila siku."

Wanjohi alikuwa ameketi sakafuni na waya mkononi, uso ameuelekeza pembeni. Njeri alisogea akainama juu ya karatasi. Nilimwonyesha kwa kidole mto wa mashine na mto wa mzee, nikamweleza kalamu ilipita wapi na mkono ulipita wapi. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia niko tayari kuja Jumatatu kulisema mbele ya daktari, na karatasi nitakuja nayo.

Grace hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama ile mistari mitatu, analia bila kujifuta. Alisema kitu kwa Kichina, kifupi, cha mtoto. Sijui kama baba yake alikielewa. Lakini alimtazama usoni muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akampa kalamu.

Grace aliishika. Akasita, akaanza na mstari wa katikati.

Mzee Hsu akatikisa kichwa.

Grace akaanza na wa kulia. Baba yake akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu, akaipiga karatasi kwa kidole upande wa kushoto, juu kabisa. Grace akasogeza kalamu pale, akashuka. Mzee akaonyesha panapofuata. Akashuka. Akaonyesha tena. Alipomaliza wa tatu alitaka kuweka kalamu chini, baba yake akaigonga nafasi tupu iliyo pembeni: nyingine.

Njeri alikuwa amerudi na vidonge kwenye kikombe cha karatasi na glasi ya maji, maana saa ya dawa ilikuwa imefika. Alisimama kando ya kitanda. Mzee Hsu, macho yakiwa kwenye mkono wa binti yake, aliinua kiganja chake cha kushoto kumwambia asubiri, na Njeri akasubiri.